Sura ya Sita: Mkono wa Kulia

Hakuna aliyemwamkua. Inspekta Chemutai alishuka kwenye gari la polisi kando ya shamba la miwa huko Kabras, na wakataji kama ishirini wakasimama wameegemea mapanga yao, wakimtazama kama mbwa aliyejipitisha kanisani ibada ikiendelea. Ilikuwa Jumatano, saa tatu asubuhi. Jua lilikuwa limeshaanza kuwachoma visogo.

"Si mshapata mtu wenu?" akauliza Jairus, nyapara wa kundi hilo, mtu mfupi mwenye kifua cha pipa. "Sasa mnatafuta nini tena kwa hii shamba? Mpeleke Sammy kotini, sisi turudi kazi."

"Anapelekwa kesho saa tatu," Chemutai akajibu. "Ndiyo maana nimekuja leo."

"Kesho ni mbali. Tungemmaliza sisi wenyewe Jumapili, kama si huyu mzee wenu na bunduki yake."

Mzee mwenyewe, Koplo Lusweti, aliyebakiza miezi minne astaafu, alifunga mlango wa gari polepole na kujifanya hakusikia.

Mambo yalikuwa hivi. Jumapili, watu wakiwa ibadani, mtu alifyeka njia katikati ya miwa hadi nyuma ya kibanda cha mabati cha Daktari Cornelius Wangila, mtafiti aliyekuwa akichunguza uyoga. Mtu huyo aliingia kibandani, akachoma daftari la Daktari kwenye jiko la makaa, na Daktari alipotokea akampiga kichwani kwa bapa la panga. Tangu siku hiyo Daktari alikuwa amelazwa hospitalini, anapumua lakini hafumbui macho. Wakataji walipoitazama ile njia walisema kwa sauti moja: hii ni kazi ya mashoto. Na mashoto aliyejulikana Kabras nzima alikuwa mmoja tu, Sammy, mkataji mwenzao. Kabla ya jioni Sammy alikuwa seli. Jumatatu paa la nyumba yake lilipigwa mawe. Jumanne mkewe aliambiwa waziwazi kwamba siku mumewe atakaposomewa mashtaka, nyumba itawashwa moto.

Mkuu wa kituo alitaka faili lifungwe. Chemutai aliomba siku moja, akapewa kwa kununiwa.

"Nionyeshe tena kwa nini mlisema ni mashoto," akamwambia Jairus.

Jairus akatema mate kando. "Wewe ni wa Mautuma, huko kwa mahindi. Miwa unaijulia wapi?"

"Siijui. Ndiyo maana nakuuliza wewe."

Jibu hilo lilimlegeza kidogo. Akaingia kwenye ile njia, nafasi ya mtu mmoja iliyokwenda kama hatua hamsini. "Angalia. Mimi nashikanga muwa na kushoto, nakata na kulia, natupa huku, upande wa kushoto. Kila mtu anatupanga huku. Sasa hii yote imetupwa wapi?"

Miwa iliyokatwa ilikuwa imelala upande wa kulia, yote, kuanzia mwanzo wa njia hadi ukuta wa mabati.

"Kwa hivyo alikata na kushoto," Chemutai akasema.

"Sammy."

Chemutai akachutama. Alikuwa ameyapita yale mashina Jumapili bila kuyaangalia, na kosa hilo lilimkera. Sasa aliyagusa moja moja. Hayakuwa yamekatika sawasawa. Yalikuwa yamepasuka, nyuzi zikining'inia kama meno ya kitana kilichovunjika.

"Mkataji mzuri huacha shina hivi?"

"Hivi?" Jairus akacheka kwa dharau. "Mtu akiniachia shina kama hii namfukuza siku hiyo hiyo."

"Na Sammy ni mkataji wa aina gani?"

Mmoja wa wakataji akakohoa. Jairus akaangalia chini. "Sammy ni mzuri," akasema, kama mtu anayeng'olewa jino.

Chemutai akamwita Lusweti alete gunia. Ndani mlikuwa na mapanga mawili: la Sammy, lililochukuliwa nyumbani kwake, na lile lililookotwa mtaroni karibu na kibanda, limesuguliwa kwa majani lakini damu imebaki kwenye kishikio. Kishikio hicho kilikuwa na pete ya rangi ya buluu iliyopakwa kwa brashi.

"Haya mawili yananolewa sawa?"

Jairus akayapokea, akapitisha kidole gumba kwenye makali. Uso wake ukabadilika. "Hapana. Panga yetu inanolewanga na tupa upande moja. Mashoto ananoa upande ile ingine. Hii ni ya Sammy, imenolewa ya mashoto. Hii ya rangi..." akaligeuza mkononi.

"Imenolewa ya kulia."

"Eeh."

"Chukua panga lako. Lishike na mkono wa kushoto. Kata muwa mmoja."

"Mimi sichezi mchezo wa watoto."

"Kata, Jairus. Au nikuandike kwamba ulikataa kumsaidia mtu wa kundi lako."

Alikata kwa hasira. Panga likateleza, likarudi, likapiga tena, na muwa ukapasuka badala ya kukatika. Shina lililobaki lilifanana na yale ya njiani kama mtu na kivuli chake. Wakataji wakasogea, wakainama, wakanong'ona kwa Kikabras.

"Sammy ana panga lake, limemkaa mkononi miaka yote," Chemutai akasema, akiinuka na kujipangusa magoti. "Aliyepita hapa alikata kwa kushoto, lakini kwa panga la mtu wa kulia. Hana panga la mashoto. Hajawahi kulinoa, kwa sababu akilinoa watu watajua."

"Sasa unasema ni nani?"

"Nasema hapa kwenu kuna mashoto wa pili, na hamumjui."

"Haiwezekani," Jairus akasema. Lakini hakutema mate tena.

*

Kibanda cha Daktari kilikuwa na joto la tanuri. Meza, rafu, mizani ndogo, na magunia ya uyoga mkavu yaliyokijaza kile chumba kidogo kwa harufu ya udongo wa mvua. Ndani ya jiko mlikuwa na majivu ya daftari, jalada lake gumu limebaki pembe moja tu.

"Afande, nikutegee kitendawili?" Lusweti akasema.

"Si sasa, Mzee."

"Mwavuli wangu hujifungua wenyewe, hauna wa kuushika, na jua likiwaka unaoza."

Chemutai akashusha pumzi. "Uyoga."

"Umepata. Obwoba, ule unaoota kwenye kichuguu." Lusweti akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Nilikuwa kwa baraza ya chifu siku Daktari alipokuja kujieleza. Watu walimzomea kweli! Walidhani anatafuta dhahabu. Akasema, ndani ya uyoga kuna kitu kidogo sana, akakiita ergothionini. Hakikutoka kiwandani, uyoga wenyewe unacho. Mwili wa mtu hauwezi kukitengeneza, lazima ukile. Akasema kikiingia kwenye ngozi, huenda kikaizuia kuzeeka haraka, ile jua inakunjanga ngozi ya mtu kama karatasi."

"Huenda."

"Hilo neno alilirudia mpaka watu wakachoka. Huenda, huenda. Ndiyo maana akatafuta akina mama kumi na wawili wanaoshinda juani, akawapa malai, yaani krimu aliyoitengeneza kwa uyoga huo, ya kupaka mkono mmoja tu. Mwingine uachwe vivyo hivyo, apate kulinganisha. Miezi minane sasa."

Ukutani palikuwa na picha kumi na mbili zilizobandikwa kwa misumari. Hazikuwa na nyuso. Kila picha ilionyesha mikono miwili imelazwa juu ya kitambaa cheusi, migongo juu, na kipande cha karatasi chenye namba. Majina yalikuwa kwenye daftari, na daftari lilikuwa majivu.

"Aliyechoma alijua anachokichoma," Chemutai akasema. "Hakuiba uyoga, wala mizani, wala malai. Alitaka jina lake lisiwepo. Picha hakuzihofia kwa kuwa hazina majina."

Akazipitia taratibu. Kwa baadhi ya wale akina mama tofauti ilikuwa ndogo, hadi ukodoe macho. Kwa wengine ilionekana wazi: mkono wa kulia madoa ya jua yamefifia, mikunjo imelainika, na wa kushoto umebaki gome la mti. Moja, mbili, tatu, hadi sita. Kulia, kulia, kulia. Alipofika namba saba akasimama.

"Mzee, njoo hapa."

Kwenye namba saba mambo yaligeuka. Mkono wa kushoto ndio uliokuwa laini kuliko yote pale ukutani. Wa kulia ulikuwa wa bibi kizee.

"Picha imegeuzwa," Lusweti akasema. "Zingine hutokanga kinyume."

"Ingegeuzwa, hata namba ingegeuka. Saba hii inasomeka." Akaikwanyua msumarini na kutazama nyuma. Mwandiko wa Daktari, kwa penseli: *Kinyume na wengine. Amedanganya? Kumuuliza Jumamosi. Jumatatu kumtangaza mbele ya wenzake na kumwondoa.*

Jumapili ilikuwa katikati ya hizo siku mbili.

Lusweti akaupigia mluzi mdogo ule ukuta. "Basi nikutegee kingine, na hiki nimekitunga sasa hivi. Mapacha wangu walizaliwa siku moja, wanalala kitanda kimoja, mmoja kazeeka na mwenzake bado msichana."

Mlango wa mabati ulipigwa teke na kufunguka, na mwanamke mwembamba akaingia na bakuli lililofungwa kwa kitambaa.

"Nyinyi!" Alikuwa Gentrix, mke wa Sammy. "Mmenirudisha na chakula! Siku ya tatu! Ati mfungwa ameshakula. Amekula nini? Amekula ngumi zenu?"

"Nani amekurudisha?"

"Wote ni nyinyi! Mnafanana!" Akalitua bakuli mezani kwa kishindo. "Mume wangu anafungwa kwa sababu ya mkono aliopewa na Mungu. Kama angezaliwa na vidole sita, mngemfunga kwa kidole?"

"Gentrix, keti."

"Siketi mahali damu imemwagika."

"Basi simama. Wewe ulikuwa mmoja wa wale kumi na wawili?"

Gentrix akaificha mikono kwenye leso. "Tumechoka kuangaliwa mikono kama ng'ombe wa mnada. Namba kumi na moja. Haya, niangalie."

Chemutai akamwangalia bila kumgusa. Mkono wa kulia ulikuwa laini kidogo. "Hakuna anayejua namba ya mwenzake?"

"Daktari alisema ni siri. Kila mtu alikuwa anaingia hapa peke yake."

"Kikopo chako unacho?"

Kwa shingo upande akakitoa mfukoni. Kilikuwa kikopo cheupe, na kwenye kifuniko karatasi iliyopigwa chapa: MKONO WA KULIA TU. ASUBUHI NA JIONI.

"Aliwaeleza kwa mdomo pia?"

"Aliongea sana. Mama mmoja akamuuliza, Daktari, sisi wengine hatukusoma, mkono wa kulia ni gani? Akacheka, akasema, mama, mkono wa kulia ni ule wa kulia obusuma, ugali wako. Tukacheka wote." Uso wa Gentrix ukajikunja. "Hata nilipofika nyumbani nikamwambia Sammy. Akafa kwa kicheko. Akasema, basi mimi ningepaka huu wa kushoto, ndio nakulia. Alikuwa anacheka hivyo, na leo..." Akauma mdomo ili asiwalilie polisi.

Chemutai aliganda na kikopo mkononi. Alikisoma tena kile kifuniko, neno kwa neno, kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine.

"Hakudanganya," akasema.

"Nani?"

"Namba saba. Daktari alidhani anamdanganya. Kumbe alifuata maneno yake kama yalivyo." Akamgeukia Lusweti. "Mzee, ile rangi ya buluu kwenye kishikio. Hapa kwenu nani hupaka vyombo vyake buluu?"

Lusweti akafumba macho kidogo. "Kanisa. Masufuria, miiko, mabakuli. Ili visichukuliwe kwenye matanga."

"Na hii njia iliyofyekwa ilianzia wapi?"

Hakuhitaji jibu. Alitoka, akaifuata ile njia hadi mwisho wake, Lusweti na Gentrix wakimfuata. Miwa iliishia kwenye uwazi mdogo wenye majivu ya kuni. Mbele yao ulisimama ukuta wa nyuma wa jiko la kanisa.

*

Jumatano ndiyo siku ya maombi ya akina mama. Siku hiyo walikuwa wanamwombea Daktari, na baada ya maombi wangekula. Sufuria la obusuma lilikuwa motoni, ingokho mbili, kuku wa kienyeji, zikitokota kwenye lingine. Wanawake kumi na mmoja waligeuka kwa pamoja Chemutai alipoingia.

"Hapa ni kanisani," akasema Mama Jael Nekoye, mwenyekiti wao, mwanamke wa miaka sitini na kitu, mrefu, kitambaa cheupe kichwani. Alikuwa akisonga obusuma kwa mkono wa kulia, wa kushoto umefichwa ndani ya leso. Macho yake yakampita Chemutai, yakatua kwa Gentrix. "Na wewe mtoto, umewaletea polisi jikoni kwa Mungu?"

"Sijawaleta, Kukhu," Gentrix akajibu kwa heshima ya mjukuu kwa bibi. "Wamejileta."

Chemutai akalifunua gunia na kuliweka panga mezani, katikati ya mabakuli. Pete yake ya buluu na pete za mabakuli zilikuwa za mkebe mmoja, hata kipofu angejua.

"Panga la kupasulia kuni," Chemutai akasema. "Lilipotea lini?"

Kila mmoja akamwangalia mwenzake. "Vitu hupoteanga," mmoja akasema.

"Jumapili lilikuwepo?"

"Sisi hatuhesabu mapanga. Tulikuwa tunapikia wageni wa ibada."

"Nani alitoka jikoni?"

"Unatuuliza nani alienda choo?" Mama Jael akasema, na wengine wakaguna kwa kumuunga mkono. "Dada, sisi ni wamama wa kanisa. Mwenye kosa mko naye. Kijulikanacho kinajulikana. Tuache tuombe."

"Nitawaacha. Lakini kwanza naomba kila aliyekuwa kwa Daktari aweke mikono yake hapa mezani."

Jiko likalipuka. Mmoja akamwita Chemutai mchawi, mwingine akasema mambo ya Mautuma ayapeleke Mautuma, wa tatu akaanzisha wimbo ili kumzima. Mikono yote ikazama ndani ya leso. Lusweti akajisogeza mlangoni, si kwa kuzuia mtu, ni kwa kujihadhari na mwiko.

Ni Gentrix aliyeinamia meza. Akaweka mikono yake, vidole vimetanuka. "Namba kumi na moja," akasema. "Mume wangu ana hadi kesho saa tatu. Nani mwingine?"

Wimbo ukafifia. Mwanamke mmoja mnene akajipangusa unga, akaweka yake. Kisha mwingine. Mmoja baada ya mwingine wakazunguka ile meza, mikono ishirini na miwili, ya kulia imelainika kidogo au sana, ya kushoto imekaushwa na jua. Wakaanza hata kutazamana na kuchekana, wamesahau hasira kwa kitambo, "Ebu ona yako!", "Yangu imeshika kuliko yako!"

Mama Jael aliendelea kusonga.

"Kukhu," akasema yule mnene. "Umebaki wewe."

"Mimi ndiye mwenyekiti. Sipimwi na mtoto."

"Si kupimwa. Sote tumeweka."

Mama Jael akauacha mwiko umesimama kwenye obusuma. Akaitoa mikono, akaiweka mezani, na wanawake wakavuta pumzi kwa pamoja. Wa kushoto ulikuwa wa msichana.

"Nilikosea," akasema kwa utulivu. "Mimi ni mzee. Nilichanganya kulia na kushoto. Hiyo ni jinai?"

"Hapana," Chemutai akasema. "Igeuze."

"Nini?"

"Mikono. Viganja juu."

Aliigeuza. Malai yalikuwa yamepakwa migongoni tu, viganja havikuguswa. Kiganja cha kulia kilikuwa laini kama cha mwalimu. Cha kushoto kilikuwa na sugu nne ngumu chini ya vidole, sugu za jembe na shoka za miaka mingi.

"Unalima na mkono gani, Mama?"

"Wa kulia. Kama watu wote."

"Basi ni kama alivyoandika Daktari." Chemutai akaitoa ile picha ya namba saba, akaigeuza nyuma na kuisoma polepole, kila mtu asikie. "Amedanganya. Alikuwa akutangaze Jumatatu, si ndiyo? Mbele ya hawa. Kwamba mwenyekiti wa maombi, anayegawa mkate wa Bwana, alipewa kazi ndogo ya kupaka mkono na akaifanya kwa uongo. Na mimi naona alikuwa sahihi. Wewe ni mwongo."

"Usiniite hivyo."

"Ulimdanganya miezi minane."

"Usiniite hivyo, msichana!"

"Mwongo, Mama Jael. Ndilo neno lililoandikwa."

"Mimi si mwongo!" Kitambaa kikamtoka kichwani. "Alisema mkono wa kulia! Kwa mdomo wake, mbele ya nyinyi wote, wa kulia obusuma! Mlicheka, mimi sikucheka, mimi nilishika neno lake. Na mimi nakulia huu!"

Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu, vidole vitano vimetanuka, ukiwaka mbele ya nyuso zao.

Unga ulianza kushika chini ya sufuria na harufu ya kuungua ikajaa jikoni. Mama Jael aliutazama mkono wake kana kwamba umepandishwa na mtu mwingine. Akaushusha taratibu.

"Bibi yangu aliufunga na kamba ya mkonge," akasema, na sauti ilikuwa ndogo sasa. "Akaupaka pilipili. Nikajifunza kusalimu na ule mwingine, kupika na ule, kugawa na ule. Lakini mlango ukifungwa nakula na huu. Nalima na huu alfajiri kabla hamjaamka. Mume wangu alikufa bila kujua. Jumamosi Daktari akaniambia nimeuza malai, au nimempa binti yangu, au nimefanya mchezo. Ningejitetea namna gani? Niseme mimi ni kama Sammy? Mngepokea mkate kwangu tena?"

Yule mnene akairudisha mikono yake ndani ya leso.

"Nilifuata daftari tu. Barabarani ningeonekana. Nilidhani yuko ibadani na wageni. Akaingia, akanikuta, akasema tena lile neno. Mkono ulienda wenyewe."

"Panga ulilishika na kushoto," Chemutai akasema.

"Nikiwa na hasira sina mwingine."

Gentrix alikuwa amesimama upande wa pili wa meza. Hakupaza sauti. "Siku tatu, Kukhu. Jumatatu wakipiga nyumba yangu mawe, ulikuja. Ulinishika kichwa, ukaniombea, kwa huo mkono mwingine. Ukasema Mungu atamsamehe Sammy."

Mama Jael akaokota kitambaa chake sakafuni.

"Ulimwacha afungwe na mkono wako."

Chemutai akatoa pingu. Akafunga ule wa kushoto kwanza. Mzee Lusweti alikuwa tayari kwenye simu, akimwambia mtu wa kituoni, kwa sauti ambayo Chemutai hakuwahi kumsikia nayo, kwamba seli ifunguliwe sasa hivi na faili abaki nalo mkononi, wanakuja kulibadilisha.

Mlangoni Mama Jael akasimama. Nje, Jairus na wakataji wake walikuwa wamefika kwa ile njia ya miwa, mapanga mkononi, wakizuiwa na kitu wasichokijua kutazama macho ya mwanamke aliyewaombea watoto wao. Hakuwatazama wao. Alimtazama Chemutai.

"Daktari akiamka," akasema, "mtu amwambie sikudanganya."

"Akiamka nitamwambia mwenyewe."

Mama Jael akaingizwa garini. Wakataji wakapisha, na mmoja, kwa mazoea, akavua kofia, kisha akaivaa tena haraka.

Jikoni, wanawake walikuwa wamesimama tu. Gentrix akalifungua bakuli alilorudishwa nalo kituoni, akawamwagia kuku waliokuwa mlangoni chakula kilichopoa. Akachota obusuma kutoka juu, pale pasipoungua, na kipande kikubwa cha ingokho, hakumwomba mtu ruhusa. Yule mnene akachukua kijiko kwenye kikapu na kumnyooshea kwa aibu.

"Mpelekee na hiki. Seli ni chafu."

Gentrix akalifunga bakuli kwa kitambaa, mafundo mawili.

"Cha nini?" akasema. "Mume wangu ana mkono wake wa kulia."